Moto ya marehemu haiuzwi kwa kilo

KOLWEZI. — Mununuzi wa chuma kukuu aliingia mu parsele na mizani yake ya kutundika. Walimuonyesha Yamaha DT 125 yenye ilikuwa inalala mu depo tangu miaka ine, chini ya mifuko mitupu ya simenti. Akaizunguka mara moja, akapiga rezervwari na kidole, akasema: dola 40 kwa yote. Hakuuliza kama inatembea ao haitembee. Kwake ilikuwa kilo tu.

Mama wa ile nyumba ni mujane wa mwenzetu. Bwana yake alikuwa mekanisiani wa mashini nzito ku mine, tena memba wa sendika yetu. Alikufa na ugonjwa, akaacha watoto wane, na dosye ya décompte final yake ilikuwa ingali inatembea kutoka biro moja kwenda biro ingine. Masomo yalikuwa yanakaribia kuanza, na minerval haingoje mutu. Dola 40 ni dola 40. Lakini mbele ya kusema ndiyo, mama alimutuma kijana wake wa kwanza kwetu na neno hili: "Uambie badelege bakuye kwanza. Mi sijue kama ile moto iko kitu ao iko takataka. Baba yenu alikuwa anaipenda, njo ile tu minajua."

Tulienda watu watatu. Mukubwa mumoja kati yetu, mwenye alitumika miaka mingi kama ajustere, alikanyaga kiki pole pole na mukono, si na muguu. Kiki ilishuka, ikakutana na nguvu fulani, kiisha ikapita. Ni kusema pistoni haikushikamana na silinda. Akasimama, akapangusa mikono, akamugeukia mama: "Mama, hii haiko takataka. Iko mugonjwa." Mununuzi wa chuma akachukua mizani yake, akaenda kwa jirani.

Sasa hapa njo mambo yalianza. Ku mukutano wa seksioni, wengine walisema sendika haiko garaje. Kazi yetu ni mushahara, saa za kazi, na usalama. Hawakusema mubaya. Lakini mwingine aliuliza: sisi wenye tunatengeneza kila siku makamio ya tani mingi ya watu wengine, tunaweza kushindwa na moto ya kilo mia moja ya mwenzetu? Hakuna mutu alijibu. Tulikubaliana: kila Siku ya Mungu kiisha misa, wakati wote wa kiangazi, tangu mwezi wa sita. Kila mutu atatoa kidogo, sawa vile tunafanya likelemba. Na kijana wa marehemu atatumika pamoja nasi, si kuangalia tu.

Hatuandike hii juu ya kujisifu. Tunaandika juu mu manyumba mingi ya watumikaji kuna moto sawa ile, ya baba, ya yaya, yenye ilinunuliwa na makuta ya jasho, kiisha ikakufa siku moja, ikawekwa mu depo. Na mu manyumba yale yale kuna mikono yenye inajua chuma. Tulifanya makosa pia. Tutayasema.

Rangi haifunge freni

DT 125 ni moto ya njia ya vumbi. Pine ya mbele ni inchi 21, ya nyuma inchi 18, juu ipite ku mashimo na ku mabwe. Motere iko na silinda moja ya sentimita kubiki 123, inapozwa na upepo, na inatumika kwa deux temps. Wengi kati yetu, wakati tulikuwa wadogo, tuliona wapadri na wauguzi wanapita nayo mu bulongo ya mvula fasi gari ilibaki. Ni moto rahisi kufungua. Rahisi kufungua haimaanishi rahisi kufunga.

Siku ya kwanza kijana alifika na boksi ya rangi nyekundu yenye alinunua na makuta yake mwenyewe. Tulijua ile makuta ilitoka wapi. Tangu miezi fulani alikuwa anashuka usiku ku mashimo pamoja na wachimbaji, na mama yake alikuwa halale. Kijana alisema: "Tuanze na rangi. Watu bakiona inaangaza, batatoa bei ya muzuri." Mukubwa ajustere alichukua ile boksi, akaiweka juu ya ukuta wa depo, fasi ya juu kabisa. "Mwana, rangi haifunge freni. Itakuwa ya mwisho."

Ile njo ilikuwa sheria yetu. Ku mine, mbele ya kugusa mashini, tunaisimamisha, tunakata umeme, tunatia kadena, kiisha tunaosha, tunapima, tunaandika. Hakuna mutu anaanza na kupaka. Ku nyumba tulifanya vile vile: tulifunga robine ya esansi, tukatoa waya ya buji, tukaosha moto yote na maji na sabuni. Kila fasi mbele ya kufungua, kijana alipiga picha na telefone. Kila buloni ilienda mu mukebe wa maziwa, na karata juu yake: "freni ya mbele", "karbiratere", "embreyaje". Siku ile ya kwanza hatukufungua motere hata kidogo. Kijana alikasirika. Lakini kiisha wiki kumi, wakati tulikuwa tunarudisha kila kitu ku fasi yake, hakuna buloni hata moja ilibaki mu mikono yetu tukijiuliza ni ya wapi.

Vumbi ya kazi isiingie mu nyumba

Tulianza na vitu vyenye vinabeba mutu: magurudumu, freni, shingo ya moto, na ule mukono wa nyuma wenye unashika gurudumu. Tulinyanyua gurudumu la mbele, tukageuza gido pole pole kushoto na kuume. Katikati ilikuwa inashikwa kidogo, sawa fungulo ndani ya kadena. Ile inaonyesha rulema za shingo zimechimba fasi yao. Mutu anaweza kutembea nayo miezi. Kiisha siku moja, mu kona, gido inakataa kurudi. Tulibadili rulema zote, za shingo na za magurudumu. Reyo za gurudumu tulizigonga moja moja na kle ndogo: yenye kukazwa inaimba, yenye kulegea inatoa sauti ya kufa. Sita zilikuwa zimelegea, mbili zilikatika.

Wakati tulifungua freni, kijana aliinama juu apulize vumbi na kinywa. Tulimushika bega. Garniture za freni za zamani mara mingi zilitengenezwa na amianti, na vumbi ya amianti ikiingia mu mapafu haitoke. Ile vumbi haipulizwe, wala na kinywa, wala na kompresere. Inapanguswa na kitambaa chenye maji, kitambaa kinafungwa mu sashe, kinatupwa mbali na watoto. Sawa na rangi ya zamani: tulisugua na papye ya maji, si kavu, juu rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi ndani.

Wasomaji wengine watasema: vumbi ya freni ni kitu gani mbele ya vumbi yetu? Tunasema kinyume. Mu mwaka 2018 wanasayansi wa Université de Lubumbashi na wa KU Leuven ya Ubelgiji walitangaza utafiti wao juu ya kartie ya Kasulo, hapa Kolwezi. Walikuta kobalti mingi mu vumbi ya manyumba na mu mikojo ya watu, na watoto njo walikuwa nayo zaidi. Mutoto wa mutumikaji ameisha kubeba sehemu yake. Usimuongezee ingine mu parsele siku ya kupumzika. Mama alitusaidia hapa kupita delege yeyote: alichora mustari na jivu mbele ya depo, na mutoto mudogo hakupita ule mustari mpaka tulipoosha mikono na kubadili nguo.

Ndani ya motere

Mu moto ya deux temps, mafuta ya motere hayakae chini sawa mu gari. Yanaingia pamoja na esansi, yanapakaa pistoni na rulema za ndani, kiisha yanaunguka. DT iko na rezervwari ndogo ya mafuta peke yake, na pompi yenye inapima kiasi; Yamaha inaita ule mupango Autolube. Ni muzuri, lakini mutu akisahau kujaza, ao hewa ikiingia mu tuyo ya pompi, pistoni inakauka, inashika silinda mu dakika kidogo.

Tena fasi ya chini ya motere ya deux temps lazima ifungwe bila kupitisha hewa. Kazi hiyo inafanywa na spi mbili, pete za mupira, moja kushoto na moja kuume ya vilebrekeni. Moto ikilala miaka, mupira unakauka. Spi ya kushoto ikipitisha hewa, mchanganyiko wa esansi unakuwa mwepesi, motere inapata joto kupita kiasi. Spi ya kuume ikilegea, motere inavuta mafuta ya bwati ya vitesi na kuyachoma: moshi wa bluu hauishe, na mafuta ya bwati yanapunguka bila kuvuja chini.

Tulitoa silinda. Mukubwa ajustere alikuja na komparatere yake mu kitambaa safi, sawa padri na kikombe. Alipima fasi tatu: juu, katikati, chini, kiisha akageuza, akapima tena. Silinda ya DT 125 ikiwa mupya iko na upana wa milimita 56. Yetu ilikuwa imekuwa na umbo la yai. Kijana alichungulia, akasema: "Mbona minaona iko muzuri?" Akajibiwa: "Jicho lako ni la kuchagua nyanya. Hapa tunapima." Tulipeleka silinda kwa mutu wa tur mu muji, akaikwangua mpaka kipimo cha kwanza cha juu, milimita 56,25, na tukanunua pistoni na segema za kipimo kile. Nafasi kati ya pistoni na silinda ni ndogo kupita unywele wa kichwa; njo sababu kazi ile hatukuifanya mu parsele na papye ya kusugulia, sawa vile wengine wanafanya.

Wakati wa kurudisha tulimuonyesha kijana mambo matatu. Mushale wenye uko juu ya pistoni unaangalia eshapema. Kila segema, mudomo wake unakaa ku msumari mudogo wa pistoni. Mudomo ukitoka pale, utakwama ku dirisha la silinda na kuvunjika. Na pete ndogo zenye zinashika ekseli ya pistoni hazirudishwe zile za zamani, hata zikiangaza. Ni kitu cha makuta kidogo chenye kinaweza kuua motere yote.

Hapa tulifanya kosa letu la kwanza. Spi ya kushoto ilikuwa imekauka sawa ngozi ya samaki, tukaibadili. Ile ya kuume kwa macho ilionekana nzima. Makuta ya likelemba yalikuwa yameanza kuisha. Tukasema: tuiache. Sisi wenye tulimuambia mutoto asichague kwa jicho, tulichagua kwa jicho.

Usiku wa maumivu ya kichwa

Rezervwari ilikuwa na kutu ndani. Tulitia mabwe madogo na maji, tukaitikisa mpaka mikono ikachoka. Kiisha siki kwa siku mbili, maji ya bikarbonati juu ya kuua ukali wa siki, tukaikausha kwa jua. Kulikuwa na tundu dogo chini. Jirani soudere alijitolea kuichomea pale pale, bure. Tulikataa. Rezervwari yenye ilikuwa na esansi, hata kavu, inaweza kubaki na mvuke, na moto wa soudere ukigusa ule mvuke, ni bomu. Tulimupelekea mutu mwenye kazi yake ni marezervwari, mwenye anaijaza maji kwanza na kuacha nafasi ndogo tu.

Karbiratere tuliisafisha na esansi na hewa, hatukuingiza waya ya chuma mu matundu, juu tundu likipanuka hata kidogo kipimo chote kinaharibika. Kwa esansi ya kwanza, juu hatukuwa bado na hakika ya pompi, tulichanganya wenyewe mililita 200 za mafuta ya deux temps mu litre 5 za esansi. Kiki ya kwanza, hakuna kitu. Ya tisa, ilikohoa. Ya kumi na mbili, ililia. Mama alitoka jikoni na mikono yenye unga wa bukari. Hakusema neno. Alisimama pale mpaka tulipoizima.

Ule moshi ulikuwa mingi. Tulisema ni mafuta ya kale mu eshapema, yataunguka. Tukaenda zetu.

Usiku kijana alitaka kusikia tena. Juu asisumbue majirani, alifunga mulango wa depo na kuwasha. Depo inapakana na chumba cha dada zake, na juu ya ukuta kuna nafasi wazi. Kiisha dakika kidogo alisikia kichwa kinauma, magoti yanalegea. Alitoka akitambaa. Mudogo wake wa kike alikuwa analala. Mama alimuamsha kwa nguvu, akamutoa inje, mutoto akatapika. Kwa neema ya Mungu, hewa ya usiku iliwarudisha wote wawili.

Ni monoksidi ya kaboni. Haina harufu yake, haina rangi, haikohoeshe mutu. Wenzetu wa chini ya ardhi wanaijua: ku mine kuna vantilatere na vyombo vya kupima. Mu depo ya parsele hakuna. Kosa lilikuwa letu, juu tulimufundisha kijana segema na spi, hatukumufundisha ile. Tangu siku ile, kwanza moto inasukumwa inje, kiisha inawashwa. Na tunasema hii kwa familia zote zenye zinalaza moto mu chumba juu ya kuogopa wezi: muifunge robine, muache motere ipoe inje, na musiilaze fasi watoto wanalala ao karibu na mbabula. Mvuke wa esansi unatafuta moto. Kama hakuna fasi ingine, nunueni munyororo na kadena nzito. Mwizi anachukua moto. Mvuke unachukua nyumba.

Mukebe wa mabiskuti

Wiki yenye ilifuata moshi haukuisha. Ulikuwa wa bluu. Tulipima mafuta ya bwati: yamepunguka, na chini ya moto hakuna hata tone. Tukaangaliana.

Siku ile ile, mu kupumzika, mumoja wetu aliuliza mama kitu chenye tulipaswa kuuliza siku ya kwanza: carte rose iko wapi? Moto bila karata ni chuma tu, hata ikiimba. Tena numero ya kadre, yenye iko ku shingo ya moto, lazima ifanane na ile ya ku karata. Mama alienda kutafuta chini ya kitanda, akarudi na mukebe wa mabiskuti wa zamani, umefungwa na mupira wa chambre à air.

Carte rose ilikuwa ndani. Chini yake kulikuwa na kaye moja ya shule. Mwenzetu alikuwa anaandika: tarehe, kilometa, kitu gani alibadili, bei gani, nani aliuza. Ku ukurasa wa mwisho, kilometa 31.260, aliandika hivi: "Spi ya kuume inakula mafuta ya bwati. Kubadili kabla ya mvula."

Mukubwa ajustere alisoma mara mbili, akavua kofia. Tulikuwa tumepoteza Siku za Mungu mbili, juenti za motere, na mafuta, juu ya kitu chenye mwenye moto alikuwa ameisha kutuambia. Tulifungua motere mara ya pili, tukabadili spi ya kuume. Moshi uliisha.

Lakini ule mukebe ulikuwa na kitu kingine. Chini ya kaye kulikuwa na bulletins de paie zake, mwezi kwa mwezi, zimefungwa kwa mwaka, na karata ndogo zenye alihesabu saa zake za usiku na za Siku ya Mungu kwa mukono wake. Tangu miaka ine dosye yake ilikuwa inalala juu walituambia hakuna ushahidi wa zile saa. Ushahidi ulikuwa chini ya kitanda, na mama hakujua kama zile karata ni kitu. Hakuna mutu alimuambia. Sisi badelege pia hatukumuuliza muzuri: tuliuliza "karata za kazi ziko?", akajibu hapana, tukaandika hapana.

Tulifanya fotokopi mara tatu. Dosye imefunguliwa upya, wamekubali kuhesabu tena. Bado hawajalipa. Tutaendelea kuuliza.

Hesabu

Wasomaji watapenda kujua makuta. Haya ni yetu, mu muji wenu bei inaweza kuwa ingine: pistoni na segema dola 38, kukwangua silinda 20, spi na juenti 24, rulema 18, garniture za freni 12, shene na mapinyo 30, pine mbili 56 na machambre zake 10, kable 8, ampule 5, rangi ingine na papye 12, esansi na mafuta 9. Yote pamoja ni dola 242. Mutu akituuliza kama ilifaa, tunajibu: hesabu mbele ya kufungua. Kadre ikiwa imepindika ao imepasuka ku shingo, ao karata hakuna, usianze, uza vipande. Kama kadre ni nzima na karata iko, kubali kwamba utalipa freni na rulema mbele ya motere, na motere mbele ya rangi. Makuta yakiisha katikati, moto yenye freni nzima inaweza kungoja mwaka ujao. Moto yenye rangi mupya bila freni haingoje, juu kuna mutu atakuja kuipanda.

Boksi ya rangi nyekundu ilishuka ku ukuta mwisho wa mwezi wa tisa. Kijana alipaka mwenyewe, na kitambaa ku kinywa, inje, wakati upepo umelala. Kiisha tulienda naye ku njia ya vumbi inje ya cité. Tulimukataza gaz ya mwisho kwa kilometa 500 za kwanza, juu pistoni na silinda vizoeane.

Wiki ile ile mutu mumoja alitoa dola 450. Wengi wetu tulifikiri mama atakubali. Mwingine alimushauri kijana afanye taximan na ile moto. Tulisema ukweli: deux temps inakunywa esansi kupita zile moto ndogo za taxi, na mu muji itakula faida. Fasi yake ni ku njia za vijiji, kwenda kutafuta mahindi na kuku fasi gari haifike. Mama alisikiliza wote. Kiisha akasema: "Hii moto ilingoja miaka ine. Itangoja tena kidogo na mimi. Kama dosye itaisha muzuri, inabaki. Kama itaisha mubaya, nitaiuzisha, lakini kwa bei ya moto, hapana ya kilo." Minerval ya mwaka alilipa na kuku na mahindi yenye kijana alileta kutoka vijiji mu ule mwezi wa kwanza.

Kijana sasa anaenda kwa mukubwa ajustere siku tatu kwa wiki, kujifunza. Hatuseme hatarudia ku shimo. Njaa iko na nguvu kupita shauri yetu. Tunasema tu kwamba usiku anakuwa ku nyumba, na mama analala.

Bandugu batumikaji, na ninyi bamama: leo jioni, mutafute ule mukebe. Kila nyumba iko nao. Muangalie bulletins ziko ngapi, mwezi gani haiko, carte rose ni ya nani. Muonyeshane, bwana na bibi, watoto wakubwa pia. Yenye haijaandikwa, muandike. Moto inaweza kufufuliwa hata mwenyewe hayuko. Saa zake za usiku, kama hazikuandikwa, hakuna ajustere wa kuzifufua.

Kaye ya mwenzetu inaendelea. Chini ya mustari wake wa mwisho kuna mwandiko mwingine, wa herufi kubwa kubwa, wa mutu mwenye hajazoea: "Kilometa 31.412. Spi ya kuume imebadiliwa. Freni muzuri. Hakuna moshi."